Usiwaambie Unasaidia Tu

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoka Msambweni kwenda Diani kutafuta kazi ya upishi hotelini, na nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka. Kaa nikuhadithie, mwanangu, kwa sababu Jumatatu unakwenda wewe kwenye mahojiano ya kazi, na jana nimekusikia uani ukijifundisha kujibu maswali yao kwa Kiingereza. Sikupenda nilichokisikia.

Nilikuwa binti wa umri wako. Shangazi yangu Mwanakombo alikuwa mpishi wa harusi, na tangu nimalize shule nilipika naye kila alikoitwa, Shimoni, Funzi, hata Kinango. Kupika nilijua. Kiingereza pia nilikijua, kile cha darasani, cha kuandika insha juu ya likizo na kueleza moyo unavyosukuma damu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kumwambia mtu, kwa maneno mepesi, kazi ninayoifanya.

Meneja wa hoteli aliniuliza jambo hilo hilo: nafanya kazi gani? Unajua sisi tulivyolelewa. Ukiulizwa kazi yako, unajishusha. Fundi aliyejenga nyumba nzima atakwambia anagongagonga misumari tu, na wewe unamwelewa. Basi nikauchukua upole huo nikautia kwenye Kiingereza kama ulivyo, nikamjibu kwamba ninamsaidia shangazi yangu kidogo tu jikoni. Akaniambia anatafuta mpishi, si msaidizi, akamwita aliyefuata.

Mtu yule alikuwa amekaa pwani miaka mingi, anakula wali wetu na samaki wetu, wala hakujishughulisha kujua watu wanaompikia wanazungumza vipi. Hakuniuliza hata napika nini. Sitakwambia nimemsamehe, maana sijamsamehe.

Nilirudi nyumbani nikitaraji kubembelezwa. Nikamwamkia shangazi, nikamweleza yote. Akaacha kuchagua mchele.

"Harusi ya kule Bodo nani aliipika?"

"Mimi, shangazi. Wewe ulikuwa na homa."

"Watu walikula, hawakula?"

"Walikula."

"Basi umenitukana. Mimi nimekukabidhi harusi ya watu, nawe unakwenda kumwambia mgeni kwamba nilimkabidhi msaidizi."

Shangazi hakujua Kiingereza, lakini alinisimamisha mbele yake niseme upya. Nikasema: "I'm a cook. I cook for weddings." Akataka kujua maana yake, nikamwambia: mimi ni mpishi, napika harusi.

"Ni hayo tu?" akauliza. "Na yalikushinda?"

Kesho yake nilirudi Diani. Nafasi ilikuwa imeshajazwa, na hoteli ile sikuipata tena. Nikayasema maneno yale kwenye hoteli ya jirani, wakanijaribu jikoni, na huko nilipika mpaka nilipostaafu.

Sasa wewe. Jana nimekusikia ukijiita mtaalamu mwenye shauku isiyo na kikomo katika sekta ya usafiri wa majini. Eti shauku! Ni yule kijana wa Ukunda anayewakaririsha watoto wetu maneno makubwa, na inaniudhi, kwa sababu Mwingereza mwenyewe akiulizwa kazi yake hajibu hivyo. Mimi nilijifanya mdogo, wewe unajivika makoti ya watu, na sote wawili tumeificha kazi.

Wewe unatengeneza mashine za boti. Basi waambie hivyo, kwa Kiingereza chepesi kama unavyomweleza jirani. Waambie unatengeneza mashine gani, umefanya kazi hiyo wapi, tangu lini. Wasalimie vizuri, adabu usiiache nyumbani, lakini adabu si kuikana kazi yako. Wakikuuliza usilolijua, sema hulijui. Ukishamaliza, nyamaza, usijazie. Na usithubutu kuwaambia unasaidia tu.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakukufundisha shauku. Alikufundisha mashine, akiwa mgonjwa, akiwa hawezi hata kushika spana, akikuelekeza kwa mdomo mpaka ukaweza. Jumatatu watakapokuuliza unafanya kazi gani, watakuwa wanaiulizia kazi yake pia.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu auondolee ulimi wako woga, akupe riziki ya halali, na akuweke mbele ya mtu atakayekusikiliza mpaka mwisho.