Mtoto wa Mhasibu

Mimi ni fundi cherehani, na wifi yangu ni mhasibu wa taasisi ya hisani ambayo kila mwaka hushonesha sare za shule za watoto kibao. Kwa akili ya kawaida mngedhani nimetajirika. Thubutu! Sijashona hata kifungo kimoja cha sare hizo. Mwaka wa kwanza nilimpelekea bei zangu, tena nimezishusha mpaka nikajionea huruma. Akazisoma, akaikunja karatasi, akanirudishia. "Wifi," akasema, "wewe ni ndugu yangu. Hapo ndipo penye tatizo." Nikamwambia haya, leo nimekuwa tatizo, na nikamnunia mwezi mzima. Yeye akawa anakuja kushonesha magauni yake kwangu kama kawaida, analipa taslimu, na akishalipa ananyoosha mkono anadai risiti. Fundi wa kibarazani, risiti ya nini?

Nikaanza kumwita Bi Risiti, kwa hasira tu. Jina likamkaa. Siku hizi hata mwenye duka la pembeni hamjui kwa jina lingine.

Taasisi yenyewe iliachwa na mfanyabiashara mmoja wa saruji ambaye hakujaliwa mtoto. Kabla hajafa aliyaandikisha majengo yake mawili ya maduka yawe mali ya taasisi, na pango la maduka hayo lisomeshe watoto waliofiwa na baba. Serikali ikasema vema, pango hilo hatulitozi kodi. Ila kuna sharti: fedha ziende kwa watu baki. Anayeiendesha taasisi, awe mwenyekiti, mjumbe au mhasibu, asiguse kitu zaidi ya mshahara wake, wala mume wake, wala mke wake, wala mtoto wake. Siku mkilivunja, mtalipa kodi kama mwenye maduka mwingine yeyote, pamoja na ile ya miaka ya nyuma. Wifi alinieleza haya nikiwa namnunia, kwa hiyo sikusikiliza vizuri, lakini niliyashika.

Mwenyekiti ni mjane wa marehemu, nasi wote tunamwita Mama Mwenyekiti. Mwanamke mwema, sitamsengenya. Shida yake ni moja tu: alikaa na mumewe miaka mingi akichota anapochota, na hakuna aliyemwambia kwamba kisima kimebadilisha mwenyewe. Siku moja alialikwa hospitalini kwenye ufunguzi wa wodi ya akina mama. Akasimama, akajipiga kifua, akasema, "Mimi binafsi ninatoa magodoro ya wodi nzima!" Makofi, picha, watu wakamkumbatia. Jumatatu bili ya magodoro ikatua mezani kwa wifi yangu.

"Mama, hii siwezi kuilipa."

"Kwani fedha zimekwisha?"

"Zipo. Lakini umeahidi kwa jina lako. Taasisi ikikulipia ahadi yako, mkaguzi atasema umekula fedha za taasisi."

"Nimekula?" Mama Mwenyekiti alishangaa kweli. "Nimekula magodoro, mimi?"

"Kwa hesabu za kodi, Mama, umekula magodoro."

Ofisi nzima ilicheka isipokuwa wao wawili. Mama aliyalipa magodoro yale kidogo kidogo kutoka kwenye posho yake ya ujane, akinung'unika, kwa sababu marehemu alikuwa ameiachia taasisi karibu kila kitu na yeye akamwachia nyumba na hiyo posho. Baada ya hapo wifi alimnunulia mikoba miwili. Mweusi wa mambo yake, wa kahawia wa taasisi, kila mmoja na kitabu chake cha hundi. Basi ukimwona Mama anashuka kwenye gari na mikoba yote miwili, unaweza kudhani amekosana na watu wa nyumbani kwake anahama. Lakini ilimsaidia. Kabla ya kuahidi chochote akawa anajiuliza kwa sauti, mbele za watu, "Mweusi au kahawia?"

Majirani walikuwa wakimcheka wifi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, walimwambia, na wewe kamba yako ndefu, mbona umekonda? Akawajibu kwamba yeye si mbuzi. Hana maneno mengi, wifi yangu. Maneno yote ya ukoo huu ninayo mimi.

Kaka yangu, yaani mumewe, alifariki kwa figo wakati binti yao akiwa darasa la nne. Binti huyo tunamwita Dokta, maana tangu mdogo alikuwa anawapa paka wa mtaa dawa za majani na kuwafunga vitambaa vyangu miguuni. Mama yake hushinda ofisini, kwa hiyo mtoto alikuwa akitoka shule anakuja kwangu, anafanyia kazi zake za shule kwenye meza ya kukatia nguo. Amekua hapo, katikati ya chaki na mkasi. Alipomaliza kidato cha mwisho alama zake zilikuwa hazina mfano pale shuleni, na chuo kikamkubali kusomea ufamasia. Tatizo ada. Mshahara wa taasisi ya hisani si mshahara wa benki, na matibabu ya kaka yalishakomba kila kilichokuwamo ndani. Ada ya mwaka mmoja tu ilikuwa inauzidi mshahara wa wifi wa mwaka mzima. Hata ningeuza cherehani zote mbili, tungefika muhula wa kwanza tukakwama.

Sasa, taasisi ina nafasi moja ya chuo kila mwaka. Moja tu. Zamani waliochaguliwa walikuwa wanashangaza kwa jinsi walivyofanana sura na wajumbe wa bodi. Wifi ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Akaweka utaratibu kwamba shule zilete fomu, katibu muhtasi azibe majina na kuweka namba, wajumbe wasome alama na hali ya nyumbani, wachague namba. Majina yanafunuliwa mwisho, na mhasibu mwenyewe hazioni fomu mpaka namba ishapita, ili asije akasemwa.

Mwalimu mkuu wa Dokta alinipigia mimi, maana kwenye kumbukumbu za shule mlezi ni mimi. Akasema anapeleka fomu za waliofiwa na baba, na ya Dokta ndiyo ya kwanza kwa alama, je, aipeleke? Nikamwambia peleka, mwalimu, tena peleka leo hii. Sharti nililijua. Nilisema moyoni kwamba namba haina mama. Dokta nilimwambia, mama yake sikumwambia, na mtoto akaanza kuimba akiosha vyombo.

Kilichotokea kwenye kikao nilisimuliwa na katibu muhtasi, ambaye ni mteja wangu, nikiwa nampima kiuno. Alivyokuwa anasimulia nilimpima mara tatu na zote nikakosea.

Wajumbe walichagua namba kumi na saba bila hata kubishana. Karatasi ikabanduliwa, jina likasomwa, na Mama Mwenyekiti akapiga kigelegele humo humo ofisini. "Dokta wetu!" Wajumbe wakainuka kumpa wifi mkono. Yeye hakuinuka.

"Fomu hii imefikaje hapa?" akauliza.

Akaisukuma fomu pembeni.

"Iondoeni. Mchukueni wa pili."

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akamtuliza. Akasema utaratibu ni wako mwenyewe, tumechagua namba, hapa upendeleo uko wapi?

"Upendeleo haupo," wifi akasema. "Mtoto wa mhasibu yupo."

Mama Mwenyekiti akamjia juu. "Baba wa mtoto huyu amekufa kweli au amekufa kwa uongo?"

"Kweli, Mama. Nimemzika."

"Basi ni yatima kama yatima wengine!"

"Ni yatima, Mama. Lakini mama yake ndiye anayetia saini hundi zenu. Sharti halisemi mtoto wa mhasibu isipokuwa mwenye akili. Linasema mtoto wa mhasibu."

Hapo Mama alisimama akasema basi atamsomesha yeye mwenyewe, na aone nani atamzuia. Wifi akamjibu kwamba hakuna wa kumzuia, akitoa chake. Mama akauvuta mkoba mweusi, akaufungua, akachungulia ndani kwa muda. Katibu anasema mlikuwa na miwani, leso, vidonge vya presha, na kitabu cha hundi cha akaunti isiyo na kitu. Akaufunga. Akakaa chini akalia, mama mtu mzima yule, na kikao kikaishia hapo.

Loh, nilipandwa na mori. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikaenda nyumbani kwake kumsubiri. Alipoingia tu nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia mganga hajigangi, lakini hata mganga akiugua hutafutiwa mganga mwenzake, wewe mwanao anatafutiwa nani? Nilimwambia damu ya kaka yangu anaifanyia uhasibu. Alikuwa anavua viatu, akavua polepole mpaka nikamaliza.

"Acha kazi basi," nikamwambia. "Andika barua leo. Kesho wewe si mhasibu wao, na mtoto anasoma."

"Aliyeacha kazi ni mpaka ipite miaka mitano. Mhasibu aliyenitangulia aliacha kazi Ijumaa, Jumatatu mwanawe akapewa ada. Nikaomba kifungu kiongezwe."

"Aliyeomba ni wewe?"

"Mimi."

Makubwa! Nilicheka kwa uchungu. Mtu anajijengea ukuta, anaupiga plasta, halafu anagundua mwanawe kabaki upande wa pili.

"Wifi," akasema, "mchovya asali hachovyi mara moja. Wakimlipia Dokta, mwakani mpwa wa Mama atataka, na nitamkatalia kwa mdomo gani? Mkaguzi akiona, maduka yanaanza kutozwa kodi. Karibu theluthi ya pango itakwenda huko. Tuna watoto arobaini na wawili darasani. Niambie nimtoe nani."

Nikamwambia siwajui hao, namjua mmoja. Na ndivyo ilivyokuwa, siwezi kudanganya. Mtu anapenda wake.

Hatukujua kwamba Dokta alikuwa mlangoni. Aliingia akaegemea kabati, hakupiga kelele. Ningeona heri apige.

"Mama," akasema, "kwa hiyo ningekuwa mtoto wa mtu mwingine yeyote, ningesoma?"

"Ndiyo," wifi akasema.

Hakusema pole, hakusema Mungu yupo, hakusema tutajaribu. Nilitamani kumzaba kofi. Baadaye niliwaza kwamba mtoto aliuliza swali la kweli akajibiwa ukweli, lakini hiyo ni baadaye. Wakati ule nilichukua mtandio wangu nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi nilirudi, kwa sababu ya Dokta, si kwa sababu ya mama yake. Nilimkuta mtoto amekaa mkekani anakunja nguo zilizokauka, na wifi amekaa kitini na kitabu ambacho alikuwa hakisomi. Walikuwa wanaongea yale ya lazima tu: sabuni imekwisha, maji yamekatika. Nikakaa katikati yao kama kizibo.

Simu ya wifi ikalia. Simu hiyo imeharibika sikioni, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo kila anayempigia anakuwa ameipigia nyumba nzima. Kumbe yule mtoto wa pili, aliyechukua nafasi, analelewa na bibi yake muuza mkaa ambaye hana simu, na wifi alikuwa ameacha ujumbe kwa jirani yao kwamba bibi akifika nyumbani aazime simu apige.

Wifi akainuka atoke nje. Bibi akawa ameshaanza kuongea kwa sauti ya mtu asiyeiamini simu.

"Haloo! Wewe ndiye mama wa ofisini? Nimeambiwa mjukuu wangu amepata chuo. Nimewaambia wasinitanie."

"Hawakutanii, bibi. Amepata."

"Huyu huyu? Huyu wa kwangu?"

"Huyo huyo. Miaka yote mpaka amalize."

Dokta alikuwa ameshika shuka kwa ncha mbili, hakunji. Halafu bibi akaanza kulia, analia na kucheka, anamwita mtu huko aliko aje asikie, na kisha akarudi kwenye simu.

"Mwanangu, sikujui hunijui. Sina cha kukupa. Namwomba Mungu tu, watoto wako wasome. Wasome mpaka wachoke."

Wifi alikuwa amesimama pale mlangoni, hajatoka wala hajarudi.

"Amina, bibi," akasema. Akamweleza aje lini, na vyeti gani, na jengo liko mkabala na nini, mpaka bibi akaelewa. Akaagana naye vizuri.

Dokta aliweka shuka chini, akainuka, akaenda chumbani. Mlango aliufunga taratibu.

Wifi yangu aliutazama mlango ule. Akapiga hatua moja, akasimama. Ndipo akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka nikamwona analia.

"Nenda wewe, wifi," akasema. "Mimi leo hatanitaka."

Nikaenda.