Suti ya Babu

Studio ya shangazi pale Uyole ilinukia plastiki ya moto, ile ya mashine ya kuleminishia vitambulisho, na nje malori ya viazi yalitetemesha vioo vya dirisha. Likizo ile ya msimu wa baridi nilikuwa darasa la tano, na kazi yangu ilikuwa kuuliza. Mbona uso umekuwa mwekundu? Hapa nikibonyeza? Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuhariri picha kwa kompyuta, kwa hiyo maswali mengine aliyajibu kwa kunifukuza, mengine kwa kuniachia kipanya nijaribu mwenyewe.

Babu alikuwa amefariki, na siku ya kujengea kaburi lake ilikaribia. Ilitakiwa picha ya kuweka mezani wakati wa ibada. Picha ya Babu ilikuwa moja tu, aliyopigwa na shangazi nyumbani kwake kule Chimala siku anaijaribu kamera yake mpya: Babu amesimama mbele ya mlango, vifungo vya shati vimepishana. Shangazi aliona aibu kumpeleka kanisani hivyo. Akakata kichwa, akakipachika kwenye suti nyeusi na tai nyekundu, suti ileile ya kwenye kompyuta ambayo nusu ya wanaume wa Uyole walikwisha kuvalishwa pichani. Akafuta makunyanzi, nyuma akaweka bluu. Mimi niliduwaa kwa raha.

Bibi alipofika kutoka Chimala, aliishika picha ile muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Si baba huyo, mama."

"Baba yenu alivaa tai lini? Nirudishieni mume wangu." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Shangazi akakimbilia kompyuta, akaganda. Alikuwa ameihifadhi picha ya suti juu ya ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo haikuwepo tena. Ikabaki memori kadi, ambayo kamera ilishaikataa na yeye akaitupia kwenye droo. Tuliipangusa, tukaichomeka, tukaichomoa, tukaipuliza, mpaka ikasoma. Babu akatokea na vifungo vyake. Nilipiga kelele kwa furaha.

Ila alikuwa gizani, maana siku ile jua lilikuwa nyuma ya nyumba. Nikavuta alama ya mwangaza kwenda kulia, nione tu itakuwaje. Uso ukang'aa. Na mlango wazi uliokuwa mweusi nyuma yake nao ukaanza kuonyesha vitu: ungo, kisha mikono, kisha Bibi mwenyewe, anamtazama Babu huku akicheka.

Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kumbe tulipigwa wote," alisema.

Hawakuwahi kupigwa picha pamoja, hata siku ya ndoa. Hiyo ndiyo iliyokaa mezani siku ya ibada.

Siku hizi simu yangu inang'arisha picha kabla sijagusa kitu, na sijui tena inafanyaje, wala siulizi. Majuzi niliipiga picha ile upya ili niwatumie wadogo zangu. Simu ikachora duara pale mlangoni, ikaniuliza kama nataka imwondoe mtu wa nyuma. Nilijibu hapana kwa sauti ya kujaza chumba kizima, kana kwamba inasikia.