Minazi Yangu Katika Ardhi Yake

Shule niliishia darasa la pili na madrasa juzuu amma, lakini falsafa ya urithi naijua kuliko hao wasomi wanaobishana barazani kwangu hapa mjini, mtaa wa Usagara. Wao husema binadamu hawezi kuikimbia historia yake. Haya, ya kwangu ni hii: babu yangu alinunuliwa na babu wa jirani yetu kule Mtang'ata. Kama wasemayo ni kweli, hadi sasa ningekuwa nateka maji ya ukoo ule.

Miaka ile ya hamsini, chama cha kudai uhuru kilipoanza kuvuma, jirani huyo alikuwa ameshafilisika. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Mtu huuza mti akabaki na udongo. Basi kila akitaka harusi au hitima ya kuonekana, aliniuzia minazi, kisha akacheka na wenzake: "Mtoto wa mtumwa mpeni nazi. Ardhi ya babu haiuzwi." Nikanunua mpaka wa mwisho.

Masika ikaiangusha nyumba yake. Akaenda shambani kupima pa kujenga, na kila alipopima pana mnazi. Akanijia asubuhi, kofia mkononi.

"Ndugu yangu," akaanza.

"Tangu lini?"

"Hukusikia mkutanoni? Siku hizi sote ndugu. Ya zamani yamekwisha."

"Yamekwisha ulipoishiwa."

"Niruhusu nikate michache tu. Mke wangu analala jikoni kwa watu."

"Waombe babu zako. Ardhi si yao? Watakuonyesha mahali."

Kisha yeye, mtu wa umri wa baba yangu, akasema polepole, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia, nikainywa kama chai ya maziwa. Halafu nikamkatalia.

Akajibana, akasimamisha kibanda katikati ya mashina. Nikamwambia mkwezi wangu minazi ya pale asiiangue. Nazi zikakauka, zikaanguka zenyewe, zikatoboa makuti. Kila ikianguka nilimtuma mkwezi aingie ndani kuichukua, maana ni mali yangu, na mkewe ndiye aliyeitoa chini ya kitanda akampa.

Hawakumaliza mwaka. Ardhi hakuiuza, ni yake yote mpaka leo, naye amepanga chumba huku mjini, Nguvumali.