Chupa ya mamangu niliyoizika badala ya kuipeleka maabara

Wakuu, salaam aleikum. Na wasiojibu salaam hiyo, hamjambo nyote.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, napita zangu. Lakini juzi kuna ndugu aliandika kwamba mama mkwe wake katolewa mfuko wa nyongo, yeye kapewa chupa aipeleke maabara, na wazee nyumbani wasema izikwe. Akauliza afanye nini. Wengi mkamjibu kwa utani.

Mimi sikucheka, wallahi. Chupa kama hiyo nimewahi kuishika.

Haya yamenifika mwenyewe, sikuhadithiwa. Ni marefu kidogo. Wale wa kudai muhtasari, rudini kwenye nyuzi za mpira.

Ilikuwa miaka ya tisini. Twakaa mtaa wa Kibokoni, mimi, mamangu na dadangu Zuhura. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi karani bandarini, kijana, najiona mjuzi wa kila kitu. Mamangu alikuwa akishona kofia za mkono. Alasiri yuko mkekani na sindano yake, na ulimi nao haupumziki.

Akaanza kuumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakipanda mpaka begani. Yalimzidi akila vya mafuta, hasa pilau ya harusini.

Sisi tukasema ni upepo. Mtaa mzima ukasema upepo. Akanyweshwa tangawizi, akanyweshwa sanamaki, akakandwa. Yakienda, yakirudi. Na sisemi miezi, nasema miaka.

Siku moja akaiangusha sindano, akajikunja palepale mkekani, jasho limemlowesha. Ndipo tukampeleka hospitali. Akapigwa picha ya tumbo, ile ya kupakwa mafuta ya baridi. Mfuko wa nyongo umejaa vijiwe.

Daktari akasema na jambo la pili, kwamba ukuta wa mfuko ni mnene upande mmoja. Mimi nikasikia vijiwe tu.

Akapasuliwa. Zama zile tumbo lilifunguliwa hasa, si hivi vitundu vya leo. Daktari alikuwa mtu wa bara, mrefu, msemaji wa polepole. Alipotoka akaniita kando.

"Mamako yu salama. Lakini huu mfuko haukunipendeza. Kuna mahali pagumu. Huenda ni makovu ya vijiwe, huenda ni saratani. Kwa macho siwezi kujua. Upeleke maabara leo hii, uniletee majibu."

Saratani. Kwetu neno hilo halikuwa likitajwa, watu wakisema "ugonjwa ule" na kushusha sauti.

Sista akanipa chupa. Ilikuwa chupa ya jemu iliyooshwa, imetiwa dawa ya kuhifadhi, imezungushiwa plasta, jina la mamangu limeandikwa kwa mkono. Na fomu yake. Ndivyo ilivyokuwa, na kwingine bado ndivyo: jamaa wa mgonjwa ndiye tarishi. Vijiwe navyo akanifungia kwenye kitambaa, ukumbusho.

Maabara ilikuwa mwendo wa miguu. Nikasema ngoja nipite nyumbani kwanza, niwaambie ametoka salama.

Barazani nikamkuta Ami, ndugu yake baba, ndiye mkubwa wetu.

"Umechukua nini humo?"

"Ni kile walichomtoa mama. Napeleka kikapimwe."

"Kipimwe nini na kishatolewa? Hicho ni kiungo cha Muislamu, chazikwa. Wataka kikatwekatwe, kisha kitupwe Kibarani?"

Kibarani siku hizo ndiko lilikokuwa jaa la mji. Nikakiona kipande cha mamangu juu ya moshi ule na kunguru. Nikasema, "Haya, Ami."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua mwamlaani Ami. Msimlaani. Ami hakujua daktari alisema nini. Sikumwambia! Lau ningetaja lile neno, angenikimbiza mwenyewe mpaka mlango wa maabara, namjua. Nilinyamaza kwa sababu niliiogopa karatasi ya majibu. Ami alinipa kisingizio kizuri, cha heshima, nami nikakipokea kwa mikono miwili.

Tukakivika kitambaa cheupe, tukaenda kukizika makaburini, ubavuni mwa kaburi la baba. Fomu nikaichana.

Na vijiwe? Vijiwe tukavitia kwenye kopo la nyuzi, na kila jirani aliyekuja kumtazama mgonjwa alionyeshwa. "Hebu mwone alivyokuwa navyo, maskini!" Tulikitunza kisichokuwa na kazi, tukakifukia chenye majibu.

Siku mama alipotolewa nyuzi za kidonda, daktari akaniuliza majibu.

"Mazuri, daktari. Wamesema ni makovu tu."

"Karatasi iko wapi?"

"Nimeisahau nyumbani."

Akanitazama. Nje foleni ilikuwa ndefu. "Usikose kuileta," akasema. Sikurudi tena.

Nikamwambia na mamangu vilevile, kwamba ni safi. Akanishika kichwa akaniombea dua. Wakuu, ile dua niliisikia kama moto.

Basi hapo ndipo woga ulipoanza hasa. Mama alipona, akanenepa, akarudia kofia zake na masengenyo yake. Mimi ndiye niliyekonda. Akigusa ubavu, namuuliza kama waumwa. Akiacha chakula, najua ndio leo. Kila asubuhi nilikuwa nikimwamkia huku nikimtazama weupe wa macho, kwa kuwa nilisikia kwamba ndiko rangi ya manjano inakoanzia.

"Mbona waniangalia hivyo? Nimeota pembe?" alikuwa akinitania.

Nilikuwa nikicheka, kisha naenda chooni kulia.

Haukupita mwaka. Asubuhi moja Zuhura akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, hayo macho ya mama mbona ni ya manjano?"

Nilikuwa nimeyaona siku tatu kabla yake. Nilijidanganya kwamba ni mwangaza wa dirishani.

Kisha akaanza kuwashwa mwili mzima, akijikuna mpaka damu. Mkojo rangi ya chai ya rangi, choo cheupe. Tukarudi kwa daktari yuleyule. Akampima, akawatoa nje yeye na Zuhura, akafunga mlango.

"Ile karatasi."

Nikamwambia yote. Nilitaka anitukane. Nilitaka hata anizabe kofi. Hakufanya hivyo. Alichukua kalamu akanichorea, nami nawapa kama nilivyoelewa.

Mfuko wa nyongo umelala chini ya ini, umeligusa. Saratani yake hujificha, na maumivu yake hufanana na ya vijiwe, ndiyo maana wengi hawaijui mpaka mfuko upimwe baada ya kutolewa. Ikiwa imeanza kijuujuu tu ndani ya mfuko, kule kuutoa huweza kutosha. Ikiwa imeingia ukutani, mgonjwa hurudishwa upesi kupasuliwa, akakatwa sehemu ya ini iliyoshikana na mfuko pamoja na tezi za jirani. Ikishasambaa kwenye ini na kuziba mrija wa nyongo, kama kwa mamangu, kisu hakifai tena.

Nikamuuliza, "Lau ningeipeleka siku ile, angepona?"

"Sijui," akasema. "Labda. Sitakudanganya upande wowote. Lakini tungejaribu."

Hiyo "labda" naishi nayo mpaka leo. Angesema "hapana" ningepumua. Angesema "ndiyo" ningejua nihukumiwe vipi.

Kilichobaki kilikuwa kumpunguzia dhiki. Akatiwa kimrija cha kuitoa nyongo, kuwashwa kukatulia, umanjano ukapungua. Akapewa dawa za maumivu, na hizo msiziogope, mgonjwa hana thawabu kwa kuteseka bure. Tukaambiwa Nairobi kuna dawa za saratani za kutundikwa mshipani, zamsogezea siku lakini hazimponyi. Mama akakataa safari. Akasema akae kwake.

Alasiri moja akaniita. Kofia mkononi, ashona mishono miwili, apumzika.

"Nambia, kile walichonitoa mlikizika wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Ami yako. Alidhani najua."

Nikalia, nikamwambia kila kitu, chupa, fomu, uongo niliomwambia daktari na ule niliomwambia yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama.

"Mimi nami nilimsikia daktari," akasema. "Nimelala wadini, adhani bado dawa imenichukua. Nilimsikia akimwambia sista ule mfuko wamtia shaka. Ulipokuja kunambia ni safi, nilikuuliza karatasi?"

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Niliogopa kama wewe." Akavuta uzi. "Ni karibu na babako?"

"Ubavuni mwake."

"Basi mtaniweka papo hapo. Sitaki kulala vipande vipande."

Alifariki kabla ya Ramadhani. Kaburi lilipochimbwa nilisimama juu ya wachimbaji nikiwaambia wasogee kidogo huku, wasogee tena, jembe lisije likakigusa kile kitambaa. Waliniona mwehu. Ami peke yake ndiye aliyejua kwa nini.

Baada ya arubaini nikamwambia Ami na mengine. Kisha akasema, "Ungenambia neno moja tu, mwanangu." Tukaenda pamoja kwa imamu wa msikiti wetu kumuuliza. Akatujibu kwamba kupima kwa ajili ya matibabu hakukatazwi. Kipimwe kwanza, kisha ombeni kilichobaki mkakizike. Jibu lenyewe halikuchukua hata muda wa kunywa kahawa. Tungeweza kuyafanya yote mawili.

Zuhura naye alikuja akatolewa mfuko wake, miaka mingi baadaye. Ile chupa niliibeba kifuani, sikupita nyumbani, sikuamkia mtu njiani. Siku za kungoja majibu sikupata usingizi. Yalikuwa makovu, makovu ya kweli, na karatasi ninayo mpaka leo. Mabaki tuliyaomba, tukayazika.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Wengi wenye vijiwe hawana saratani, msitishike ovyo. Lakini maumivu ya miaka msiyaite upepo. Na mkitolewa kitu mwilini, daini majibu yake kwa maandishi, myasome kwa macho yenu, hata kama mwaogopa. Mimi nilidhani nisipoisoma ile karatasi ugonjwa hautakuwapo. Ulikuwapo, nami niliupa muda.

Waliopitia haya semeni, na wa kunilaumu nilaumuni, nimezoea kujilaumu mwenyewe.

Ila kwanza wewe ndugu uliyeuliza juzi. Nimepekua, tangu siku ile hujaandika tena. Tafadhali tujibu. Chupa iko wapi?