Majeruhi wa Kila Mwaka

Asubuhi ile mama alichemsha chai kabla jogoo hajakohoa, akamwambia mumewe amletee viatu.

"Vya kazini au vya kufia?" mzee akauliza.

"Vya kufia. Leo ni zoezi la moto."

Mzee alikuwa fundi viatu. Jana yake alivitia soli mpya, akazigonga mpaka zikanyamaza. Mkewe alivigeuza, akazikagua kama anayekagua meno ya mbuzi.

"Si makosa yangu, baba. Nikilala chali pale chini, kitu cha kwanza watu wanachoona ni soli. Mke wa fundi viatu na soli imetoboka, nani ataaibika? Mimi nitakuwa nimeshakufa."

Wakacheka. Akamaliza chai yake, akafunga kanga kiunoni, akatoka. Hakuaga. Nani huaga akienda kazini?

Alikuwa mfagiaji katika jengo la maabara, chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja sasa. Kusoma alijua kwa kudonoadonoa, lakini kanuni za moto alizijua zote kwa kichwa, kwa sababu ndiye aliyefuta vumbi kwenye mabango yake. Kila bango jipya alimshika mwanafunzi amsomee. Akishaelewa, hapo ndipo wakubwa wa maabara walipokosa raha.

Kulikuwa na profesa mmoja aliyechemsha chai yake kwenye jiko la kuchemshia dawa, chini ya bango linalokataza kula na kunywa maabara.

"Profesa, hilo bango linasemaje?"

"Hilo ni la wanafunzi, mama."

"Kumbe! Sikujua kama moto nao unaangalia vyeo."

Mlango wa dharura uliandikwa kwa herufi nyekundu USIFUNGWE. Ulikuwa na mnyororo na kufuli, wezi wasije wakapita. Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa mkahawani. Mitungi ya kuzimia moto nayo ilifungiwa kwenye kabati la vioo, isiibiwe. Mama alilifuta kabati lile kila siku. "Moto ukija," alikuwa akimwambia mumewe, "itabidi uandike barua ya kuomba mtungi, usubiri majibu."

Moto wa zoezi lakini ulikuwa na adabu. Ulipiga hodi kwa barua wiki nzima kabla, pamoja na saa utakayofika. King'ora kilipolia, walimu walikuwa wameshabeba mikoba yao, na wengine walikuwa wameshatoka ili wasisongamane mlangoni.

Mkuu wa shughuli hiyo alikuwa afisa wa usalama. Wafagiaji walimwita Bwana Usalama. Alivaa koti la kung'aa hata siku za jua kali, na mkononi alikuwa na vitu viwili asivyoviacha: kipaza sauti na orodha. Zoezi lilihitaji mtu wa kujifanya ameumia. Wanafunzi hawakutaka kuchafua nguo, walimu hawakutaka kulala chini. Basi akaitwa mfagiaji, kwani sakafu aliifahamu. Akapakwa wino mwekundu kipajini, akalazwa nyuma ya meza ya tatu. Ndipo jina la Mama Majeruhi lilipomganda.

Mwaka wa kwanza walimbeba. Mwaka wa pili machela haikupita mlangoni, wakamwambia atembee. Mwaka wa tatu walimsahau. Na wa nne. Alilala akihesabu vigae vya darini, huku nje wenzake wakigawiwa soda. Mwishowe aliinuka mwenyewe, akafuta kipaji, na kwa kuwa ndoo ilikuwa karibu, akapiga deki.

Sababu ya kusahauliwa ilikuwa ile orodha. Watu wakishakusanyika uwanjani, Bwana Usalama aliita majina. Jina lisipoitikiwa, kanuni inasema zimamoto waingie wamtafute mwenye jina mpaka wamwone. Majina ya wafagiaji hayakuwemo. Asiyekuwemo hakosekani.

Jambo hilo lilimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki. Si soda aliyoitaka, ila siku moto ukija bila barua, mtu aseme: bado mmoja. Mwezi mmoja kabla ya asubuhi ile ya viatu, alimwomba mwanafunzi amwandikie majina ya wafagiaji wote tisa, la kwake juu, akampelekea Bwana Usalama. Jioni alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Kakubali?" mzee akauliza.

"Kakataa. Lakini nimemwachia neno. Muulize mwenyewe siku ukikutana naye."

Mzee hakukutana naye. Hakuwa mtu wa kwenda vyuoni.

Siku ya zoezi king'ora kililia saa nne kamili. Ndani ya dakika sita watu wote walikuwa nje. Bwana Usalama akaita majina mia na arobaini, yote yakaitikiwa. "Wote wapo!" akatangaza, na makofi yakapigwa.

Waokoaji wawili walikuwa wamechungulia maabara. Machela ilikuwa stoo, stoo imefungwa. Mmoja alimtazama mama pale chini, akamwambia mwenzake, "Leo Mama Majeruhi kapania. Hata kope hapepesi." Wakacheka, wakaenda kwenye soda.

Saa saba mfagiaji mwenzake aliingia na ufagio. "Dada, amka basi, soda zinaisha."

Moyo ulikuwa umesimama. Daktari alisema huenda ulisimama saa ile ile ya king'ora, na kwamba hata wangemfikia mapema, labda isingesaidia.

"Labda," mzee akasema.

Walipomkabidhi viatu, alivigeuza. Soli zilikuwa safi.

Chuo kilileta barua ya pole. Ilimsifu marehemu kwa kuzitii kanuni hadi mwisho. Binti yao aliisoma kwa sauti, akafika hapo, akaikunja. Mzee hakuuliza iliyobaki.

Mwaka ukazunguka, ikaja barua nyingine. Mzee anaalikwa kwenye zoezi la moto, apokee cheti cha marehemu mkewe. Alikwenda na binti yake. Uwanjani alipewa kiti, na soda pia, wala hakuifungua. Safari hii lilikuwepo hata gari la zimamoto, jekundu, limeoshwa.

King'ora kikalia. Watu wakatoka na mikoba yao. Bwana Usalama akaanza kuita, na kwenye majina ya mwisho sauti ikamnenepa kwa fahari: aibu ya mwaka jana ilikuwa imewafanya waitafute ile karatasi ya wafagiaji, wakainakili kama ilivyokuwa.

Akaita jina la kwanza la karatasi ile. Jina lake lote, na la baba yake.



Akaliita tena. Wafagiaji wanane wakatazama viatu vyao. Mkuu wa zimamoto, ambaye hakuwa na habari yoyote, akasema, "Bado mmoja! Ingieni!" Vijana wake wakavaa barakoa, wakaingia mbio.

Binti akamshika mzee mkono. "Baba, si uwaambie?"

"Waache."

"Baba, watu wanatutazama."

"Waache watafute. Kawangoja siku nyingi."

Walitafuta ghorofa zote tatu. Walisogeza meza, wakafungua vyoo, wakakata mnyororo wa mlango wa dharura kwa mkasi wa chuma. Dakika arobaini baadaye walitoka wanahema, jasho likiwachuruzika. "Hayupo, afande."

Mzee akainuka, akamwendea Bwana Usalama. Watu wakadhani anakwenda kulia.

"Mke wangu alikuletea karatasi," akasema. "Ulimjibu nini?"

Bwana Usalama alimsogelea apate kunong'ona. Alisahau kwamba kipaza sauti bado kimewashwa, basi uwanja mzima ukasikia. "Nilimwambia... nyinyi ni watu wa kampuni ya usafi, mama. Mkiungua, kampuni ndiyo itakayowahesabu."

"Yeye akasemaje?"

"Mzee wangu, tafadhali."

"Sema kama alivyosema."

Bwana Usalama akaitazama orodha, kana kwamba maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa humo.

"Alisema, 'Haya, bwana. Siku nikiungua humu ndani, majivu mtafagia wenyewe.'"