Siku Maharagwe Yalipokataa Kuiva Kaloleni

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Voi, hasira haikuwa jambo la moyoni tu. Ilikuwa kitu cha jikoni. Bibi yangu, mama wa mama yangu, aliamini kwamba mtu akificha kinyongo, lazima kitu fulani ndani ya nyumba kitaharibika. Mtoto atashikwa na homa. Kuku ataacha kutaga. Wadawida wa zamani, yaani sisi Wataita, waliitafuta hasira ya namna hiyo mvua ikigoma kunyesha. Bibi yeye aliishusha mpaka kwenye sufuria.

Naandika haya nikiwa na degree ya food science, na hakuna hata mtu mmoja aliye tayari kunilipa kwa kuwa nayo. Nimetarmac nikitafuta kazi kutoka Mombasa hadi Nairobi hadi viatu vikaomba msamaha. Kwa hivyo kuhusu hasira, please, msinifundishe. Hiyo ndiyo subject ninayoijua kuliko zote nilizofanyia mtihani.

Mjomba wangu alikuwa mpishi kwenye lodge moja huko Tsavo, na mara moja moja wageni wakishaondoka aliruhusiwa kubeba mfupa wa ham. Kwa asiyeijua, ham ni paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi kisha likapigwa moshi hadi likawa jekundu kama udongo wetu. Watalii walikula minofu, sisi tukarithi mfupa na nyama iliyoung'ang'ania. Niamini, walikuwa wakituachia the best part.

Mfupa huo Bibi aliupika na maharagwe tu, si kingine. Ulikuwa na sufuria yake, kuukuu, isiyoguswa na chakula kingine, na ulipikwa kwenye mafiga nyuma kabisa ya nyumba. Sababu ya kwenda huko nyuma ilikuwa Mama Swaleh, jirani yetu Muislamu, ambaye dirisha lake lilitazama upande wa mbele. Hakuwahi kulalamika, lakini Bibi hakutaka moshi wa nguruwe uingie kwake bila hodi.

Sasa, Jumamosi ninayoikumbuka, ham haikuwa ya kusherehekea. Ilikuwa ya kuniaga.

Dada mkubwa wa Mama, Auntie Mkamburi, alikuwa ameolewa Mboghoni, kule Taveta, ambako maji ya mifereji hupita shambani na ndizi haziishi. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto hakujaliwa. Aliomba nikaishi naye, nisome huko. Baba yangu alikuwa ameshaenda zake zamani na hatukumtaja, na Mama alikuwa akiuza nyanya sokoni, siku nyingine zinauzwa, siku nyingine tunazila. Watu wazima wakazungumza, wakakubaliana. Mimi niliambiwa tu, "Wakesho, Jumapili utaenda na Auntie. Utakula ndizi mpaka uchoke." Nikasema sawa. Mtoto mzuri husema sawa. Halafu nikaenda nyuma ya choo nikang'oa majani yote ya mpapai mchanga wa Bibi, moja baada ya jingine.

Mama hakuniuliza kama nataka. Hakunitazama usoni wiki nzima. Nikaamua kwamba amenichoka.

Auntie aliwasili asubuhi na mkungu wa ndizi na mchele, akakaa kwenye mkeka uani, akavua viatu. Maharagwe yalikuwa motoni tangu alfajiri. Saa ya chakula cha mchana ikafika. Bibi akatoa haragwe moja kwa kijiko, akalipuliza, akalibonyeza kati ya vidole viwili. Jiwe. Akaongeza kuni. Tukasubiri. Ham ilikuwa imeshalainika, inaachana na mfupa, harufu yake inatuua kwa njaa. Maharagwe, ng'o.

Sauti ya Mama Swaleh ikaja juu ya ukuta. "Bi mkubwa! Hayo maharagwe yamekushinda leo? Yatie magadi, mwanangu huyo asafiri ameshiba."

"Magadi yanaua ladha," Bibi akajibu. "Wewe njoo uonje, ndipo unifundishe."

"Mimi hilo guu lenu silijui, nisamehe bibi yangu! Nitawaletea mahamri." Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Lakini Bibi alipobonyeza haragwe la pili, hakucheka tena. Alitutazama mmoja mmoja.

"Hapa kuna mtu ana kitu moyoni."

"Mama, jamani," Mama yangu akasema. Alikuwa wa kwaya kanisani na mambo hayo hayakumpendeza. "Ni maharagwe tu."

"Maharagwe ni yale yale ya juzi. Moto ni ule ule. Watu ndio si wale wale. Leteni maji."

Tukajua ni kutasa. Unachukua funda la maji, unalipuliza nje kama manyunyu, halafu unasema kinachokuuma na kukiomba kiondoke. Mwisho unasema sere, yaani amani. Huko milimani wazee waliifanya kwa heshima kubwa, kwa ajili ya mgonjwa au ukoo mzima. Bibi aliifanya kwa kikombe cha bati, kwa ajili ya chakula cha mchana. Na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Alianza yeye. Puu! "Nimelikasirikia goti langu, na Mlungu aliyelitengeneza hivi. Yaishe. Sere."

Auntie akafuata. "Mimi nimeikasirikia hiyo barabara. Mgongo wangu umefika Voi vipande vipande. Sere."

Mama akapuliza maji haraka, karibu hakuna yaliyotoka. "Sina kitu. Sere."

Bibi akamtazama. Kisha akanipa mimi kikombe.

Nikajaza maji kinywani. Mashavu yakavimba. Nilijua kabisa, jinsi mtoto anavyojua giza lina kitu, kwamba maharagwe yale yalikuwa magumu kwa sababu yangu. Hasira yangu ilikuwa mle ndani ya sufuria, imekaa juu ya ham ya watu. Na nikijua hivyo, nilifikiria hesabu nyingine: yasipoiva, hatutakula. Tusipokula, hatujaagana. Tusipoagana, siendi.

Nikameza maji.

"Ukimeza, umeirudisha ndani," Bibi akasema polepole. "Sasa itatafuta pa kukaa. Chukua jingine."

Kusema kweli niliogopa. Sikuogopa kuchapwa. Niliogopa kwamba hasira yangu ingetoka kwenye maharagwe iende kwa Mama, imtie ugonjwa, nami niwe Mboghoni nakula ndizi wakati Mama anaugua Voi. Nikachukua funda la pili. Sikulipuliza, nililirusha. Lote lilimwangukia Auntie kifuani, kwenye leso yake mpya.

"Sitaki kwenda Mboghoni!"

Hata Mama Swaleh upande wa pili aliacha kutwanga.

"Sitaki ndizi. Sitaki shule ya huko. Mama amenichoka lakini mimi sijamchoka. Sere!"

Nilingoja kofi. Kilichokuja ni mkono wa Mama ukichukua kikombe kutoka kwangu. Akachukua funda, safari hii funda la kweli, akapuliza mbele yake, matone yakaonekana kwenye jua.

"Dada, nisamehe. Sitaki aende. Tangu uliposema sijalala. Niliona aibu kukukatalia, wewe una shamba, mimi nina meza ya nyanya. Nikaogopa utasema nina kiburi na sina kitu." Kisha akanigeukia. "Nani amekuambia nimekuchoka? Nilikuwa siwezi kukutazama, nitalia."

Auntie alikaa na leso yake imelowa, mdomo wazi. Nilimwonea huruma hata mimi niliyemmwagia.

"Kwani mlifikiri nimekuja kumkamata?" akasema hatimaye. "Mimi nilidhani ninawasaidia. Nyie mnadhani ninawaibia. Na hakuna aliyefungua mdomo!" Akanyoosha mkono. "Leteni hicho kikombe. Mimi barabara nilidanganya."

Akapuliza maji. "Tangu tumzike mume wangu, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kulala kwangu, hata usiku mmoja. Nyumba ile inanipigia kelele. Ndiyo maana nilimtaka mtoto. Nimewakasirikia nyote. Sere."

Bibi hakutoa hotuba. Alisema tu, "Haya. Sasa tumeanza kupika." Akasukuma kuni ndani.

Walizungumza muda mrefu baada ya hapo, wakalia kidogo, wakacheka zaidi. Ikaamuliwa nibaki, na likizo twende wote Mboghoni, Bibi na goti lake pia. Mimi nilikaa karibu na moto nikitazama sufuria ikichemka. Jua lilipoanza kulegea, Bibi akatoa haragwe, akalibonyeza. Likapondeka kama siagi.

Tulikula kwa wali wa Mboghoni, mchuzi mzito wenye moshi na chumvi, nyama ikivutika nyuzi nyuzi. Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo tena. Auntie alinipa kipande kilichokuwa kimeshika mfupa, akasema, "Kula, mchawi wangu wa maji."

Sasa, mimi ni mwanasayansi, ingawa HR wa nchi hii hawajapata habari. Najua kilichotokea. Watu husingizia chumvi ya ham bure. Shida ni chokaa iliyo kwenye maji yetu, inakaza ganda la haragwe, na yale ya Bibi yalikuwa ya zamani, yamekaukia guniani. Yalihitaji muda tu. Yangeiva hata tungekaa tukinuniana hadi jioni. Full stop.

Lakini tungeyala, na Jumapili ningeenda. Mama angebaki akidhani anamheshimu dada yake, Auntie akidhani anatuokoa, mimi nikidhani nimetupwa. Hilo hakuna maabara iliyonifundisha. Nikikumbuka nilivyokaribia kuondoka kwa sababu watu watatu waliopendana walikuwa wanaoneana haya, napata ahueni tena kama mtoto yule.

Bibi hayuko siku hizi. Mwezi huu nilipata email nyingine ya "we regret to inform you", nikaizima simu, nikamjibu kila mtu kama mbwa aliyekanyagwa. Jumamosi Mama alinunua kipande cha ham, akainjika maharagwe nyuma ya nyumba, akaniita. Nilipofika alikuwa ameshika kikombe cha bati. Mama yangu, mama wa kwaya!

"Mimi nina degree," nikamwambia.

"Shika."

Nikapuliza. Nikawataja wote: waliotaka experience ya miaka kwa mtu aliyemaliza jana, waliochukua vyeti vyangu wasinipigie simu, waliouliza kwa upole baba yangu ni nani. Nikasema sere.

Mama akatoa haragwe moja, akalipuliza, akalibonyeza kati ya vidole viwili. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo niliona nimeanza kucheka.

"Bado," akasema, akanijazia kikombe tena.