Jaketi Lisilofungwa

Mimi ni mkaguzi wa boti na sijui kuogelea. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke kwanza, kisha tuendelee. Nilizaliwa bara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ndani ya pipa nyuma ya jiko. Kazi ilipotangazwa niliomba nikiamini nitapelekwa kwenye maziwa ya kule juu, ambako watalii hupanda boti kwenda kutazama viboko. Nikaletwa Lamu.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Nasimama gatini, naangalia kama boti ina majaketi ya kuokolea yanayotosha abiria wote, kama ni mazima, kama mikanda yake inashika. Kisha nahakikisha kila abiria amevaa na amefunga. Hapo kwenye kufunga ndipo ninapopoteza marafiki. Upande wa Ras Kitau wageni wa hoteli huvaa bila kuambiwa, wakapiga na picha. Boti za wenyeji ni hadithi nyingine. Majaketi huwekwa chini ya sakafu ya omo, kule mbele ya boti, yangali ndani ya nailoni zake, kwa sababu mwenye boti hataki yachakae kabla mkaguzi hajayaona. Niliwahi kumuuliza nahodha mmoja ni lini atayatoa. Akanijibu, wala hakuwa anatania, "Siku ukiya," yaani siku nikija mimi kukagua. Hasira zangu ziko karibu, na nilimfokea mbele ya abiria wake mpaka wao wakaanza kucheka, na mwishowe nikacheka na mimi.

Asubuhi ninayotaka kuieleza nilikuwa Faza. Nilikuwa nimekwenda kukagua boti za abiria, na kazi ilikuwa imekwisha, na boti iliyokuwa inirudishe Lamu ilikuwa tayari imefungwa gatini ikinisubiri mimi. Anayekwenda Faza anajua kuwa pale bahari haikungoji. Maji yakitoka, mbele ya mji hubaki tope, na mlango wa Mkanda, ule mfereji mwembamba unaokatiza mikoko kuelekea Lamu, hupungua mpaka boti zikakwama kwenye mchanga. Nahodha, mtu mpole mwenye kofia iliyofifia, alikuwa ameshaanza kuutazama ukuta wa gati ambako alama ya maji ilikuwa inashuka.

Ndipo wakaja wanawake wawili, mama na binti yake. Binti alikuwa mjamzito wa mwezi wake, amevaa dera pana, anatembea akiwa ameachanisha miguu, na miguu yenyewe imevimba hadi viatu vimemshinda. Muuguzi wa zahanati aliwafuata nyuma akatueleza kwa haraka: shinikizo la damu limepanda, anatakiwa hospitali ya Lamu sasa hivi, na boti ya wagonjwa imekwenda Ndau. Abiria waliokwisha kukaa wakasogea bila kuombwa. Nikachukua jaketi kubwa kuliko yote, nikalipanua, nikamvisha binti mabegani. Nilipoushika mkanda wa kwanza niufunge, mkono wa mama yake ukaushika wangu.

"Bi," akasema, "mwanangu hafungwi."

Nilidhani anaogopea tumbo. Nikamwonyesha kuwa mkanda wa chini unaweza kulegezwa ukapita juu ya tumbo. Akatikisa kichwa. Nahodha akaniita pembeni akanifafanulia kwa sauti ya chini. Kwa wanawake wa nyumba ile, mwana akikaribia kuzaliwa, hakuna kitu kinachofungwa, uzazi usije ukafungika nao. Mama yake alikuwa amemfumua nywele tangu juzi, amemvua bangili, amefungua makufuli ya masanduku yote nyumbani, hata kamba ya kuanikia nguo ameifungua. Mama wa mama yake alifanya vivyo hivyo. Sasa atoke mtu wa bara na mikanda yake, amfunge mara mbili kifuani?

Damu ilinichemka. Nilimwambia yule mama kuwa sheria haina mwezi wa uzazi. Nikamwambia jaketi lisilofungwa, mtu akianguka majini, hupanda juu peke yake likamwacha mwenyewe anazama. Nikasema boti haiondoki na abiria ambaye hajafunga, awe nani. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyohitaji. Binti alikuwa ameegemea nguzo, macho ameyafumba, mkono mmoja chini ya tumbo, na niliona mshipa unamcheza shingoni. Sikuhitaji kuambiwa kuwa mmoja wetu asipokubali haraka, maji yatatoka na yule binti atajifungulia topeni, au asijifungue kabisa.

Mama yake alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mipana isiyolingana na mwili wake. Baadaye nahodha aliniambia kuwa ni mikono ya kuvulia pweza. Amezoea kuuingiza mkono kwenye tundu la mwamba na kumvuta pweza anayemvuta yeye.

"Hilo la jaketi kupanda, umeliona kwa mato yako?" akaniuliza.

"Tumefundishwa."

"Na likishikwa kwa mikono?"

Hakuna aliyetufundisha habari ya mikono.

"Basi ndoo," akasema, akiniita kwa mkono. "Tulione."

Akachukua jaketi lake mwenyewe, akalivaa, akalifunga mikanda yote miwili bila ubishi. Yeye kufungwa hakukuwa na neno. Akashuka ngazi za gati na dera lake mpaka maji yakamfika kifuani, akageuka, akaninyoshea mikono. Abiria wote wakanigeukia. Nahodha akatazama ukuta wa gati, akanitazama mimi. Nilivua viatu, nikavaa jaketi bila kulifunga.

Nimeona mambo mengi ya kunitisha katika kazi hii, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa kwenye ngazi zile, zenye ukungu wa kijani unaoteleza, nikiwa na sare ya serikali na jaketi ambalo mikanda yake ilikuwa inaning'inia wazi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Yule mama akapita nyuma yangu, akapitisha mikono yake chini ya makwapa yangu, akazikamata zile pindo mbili za jaketi mbele ya kifua changu, akazikutanisha. Akanivuta kinyumenyume. Mchanga ukanitoka miguuni.

Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kufa. Badala yake nikaona mbingu. Masikio yalijaa maji na sauti za gatini zikapotea, nikabaki nasikia pumzi yangu mwenyewe na pumzi ya mtu mwingine nyuma ya shingo yangu. Mwili wangu, huu ninaoubeba kila siku kupanda na kushuka ngazi, haukuwa na uzito. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu majaketi yanaelea, na nilikuwa nikiliamini hilo kama mtu anavyoamini habari za nchi ya mbali. Sasa nilikuwa nimefika. Nilistaajabu hadi machozi yakanitoka, na bahari ikayachukua bila mtu kujua.

Boti ndogo ilipita ikaja gatini, na mawimbi yake yakatufikia. Yakatuinua, yakatushusha, maji yakanipiga usoni nikayameza. Nilirusha miguu. Nilipiga makelele pia, walivyoniambia. Ile mikono haikusogea. Jaketi halikupanda hata kidogo. Niliinamisha macho nikaviona vidole vyake kifuani pangu, vimekunjwa juu ya kitambaa cha rangi ya chungwa, na makovu meupe kwenye vifundo, na nikaelewa kuwa naweza kufanya fujo zangu zote na vile vidole vitabaki pale.

"Nimekushika," akasema sikioni. "Mwanangu nitamshika zaidi ya hivi."

Tulipotoka majini sare ilikuwa inanichuruzika. Sheria ilikuwa ile ile. Nilisimama gatini nikaifikiria, na yule binti akafumbua macho akanitazama, na nikasema, "Twende." Kisha, ili nisijione nimelegea, nikawageukia abiria wengine wote nikawakaza mikanda mmoja mmoja mpaka wakalalamika. Nahodha nikamwambia apite karibu na mikoko kila anapoweza, na asikimbize mashine. Akasema, "Inshallah, Bi," akafungua kamba.

Walikaa kwenye sakafu ya boti, katikati, mama nyuma na binti mbele yake amemwegemea. Mikono ya mama ilipita chini ya makwapa ya mwanawe ikazikamata pindo za jaketi juu ya tumbo, kama alivyonishika mimi. Mimi nikakaa mbele yao uso kwa uso. Kwa kawaida nikiwa safarini hutazama ufuo ulio karibu na kuupima kwa hofu. Siku ile sikutazama ufuo. Nilitazama vidole vile, kwa sababu nilikuwa nimeweka juu yake roho mbili na kazi yangu.

Mwanzoni kulikuwa shwari na boti ilikwenda kwa adabu. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti ndogo, Ya Latifu, Ya Latifu, na binti akipumua pamoja na maneno yale. Mikoko ikaisha. Tukatoka kwenye ghuba iliyo wazi kabla ya Manda, ambako kusi lilikuwa linavuma na hakuna cha kulizuia, na boti ikaanza kuruka.

Kila mtu alikamata kitu. Ndivyo mwili unavyofanya. Mkono unakwenda wenyewe kwenye ukingo, kwenye ubao, kwenye bega la jirani. Nilikamata ubao kwa mikono yote miwili. Boti ikapanda juu ya wimbi, ikaanguka, maji yakatumwagikia, na nilipofumbua macho nikaona kuwa katika boti nzima mtu mmoja tu hakuwa ameshika boti. Mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa anayumba mzima mzima, yeye na mwanawe, kila wimbi likimsogeza kuelekea ukingoni, na hakuachia hata kidole kimoja ili ajiokoe. Uso wake ulikuwa mtulivu. Alikuwa amekwisha kuamua tangu Faza kwamba mikono ile si yake tena.

Ndipo nikauachia ubao. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Kwangu mimi ninavyoogopa maji, halikuwa dogo. Nilipiga magoti, nikajisogeza nyuma ya yule mama, nikaikaza miguu yangu kwenye mbavu za boti, nikamzungushia mikono kiunoni. Tukawa watu watatu tumeshikana kwenye sakafu yenye maji, na wimbi likija tunakwenda pamoja na kurudi pamoja. Nilihisi dua ikitetema mgongoni mwake. Sikuyajua maneno, lakini kila alipofika mwisho nikasema amina. Abiria wa nyuma yangu akanishika mimi kwa mkanda wa jaketi.

Pale Mkanda tulikuta maji yamekwisha kushuka sana. Nahodha alizima mashine, akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, akatusukuma taratibu huku chini ya boti ukisikika mchanga unakwaruza. Mahali pamoja tulisimama kabisa, na wanaume wakajiandaa kushuka wasukume, kisha boti ikajinyanyua yenyewe ikapita. Nahodha alivua kofia akajifuta uso. Mikono ya mama haikuwa imesogea tangu gatini Faza.

Lamu watu wa hospitali walikuwa wanangoja na machela. Wakashuka ndani ya boti, wakamshika binti mabega na miguu, wakasema, "Mama, mwachie sasa."

Hakumwachia. Walimwambia mara ya pili, mmoja kwa ukali kidogo, na mama akasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, "Nataka. Hizi zidole hazitaki."

Vilikuwa vimekufa ganzi. Vilikuwa vimekakamaa juu ya kile kitambaa, vyeupe, na kumwambia aachie ilikuwa sawa na kuliambia gati. Nikainama nikavifungua mimi, kimoja kimoja, nikivipulizia pumzi na kuvisugua. "Taratibu, mwanangu," akaniambia. Asubuhi yote nilikuwa Bi. Kidole cha mwisho kilipotoka, jaketi likateleza lenyewe mabegani mwa binti, mikanda inaning'inia, haikuwa imefungwa hata mara moja, na wakampandisha gatini wakaondoka naye mbio.

Ningeweza kwenda nyumbani kubadilisha nguo. Nilikwenda hospitali na sare yangu mbichi yenye chumvi, nikakaa na yule mama kwenye benchi la nje ya wodi. Hatukuzungumza sana. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimekunjika kama bado vimeshika kitu, na nilipomletea chai nilimnywesha mimi. Adhana ya alasiri ilikuwa haijatolewa mlango ulipofunguliwa, nesi akatoka na kitu kidogo ndani ya kanga, akasema mama yake mzima na huyu ni msichana.

Akamnyoshea bibi yake. Bibi akaitazama mikono yake, akajaribu kuinyosha, ikakataa.

"Mpokee wewe," akaniambia. "Yangu haiyafunguka."

Nikampokea. Nilimshika kwa mikono yote miwili, kifuani, na sikujua ninamkaza kiasi gani mpaka nesi aliponigusa bega akaniambia nilegeze, mtoto apumue.